Mustari wa Pili Umenikamata Ku Mulango

Leo nimepata haya, bandugu. Haya ya kweli, ile ya kutaka kutokea kwa dirisha.

Munajua kanisa yetu hapa Kolwezi: tunahubiri mustari kwa mustari. Hakuna kuchagua, hakuna kuruka. Tuko kwa barua ya Yakobo, na leo sura ya pili ikaniangukia mi. Mara yangu ya kwanza! Pasta alinionya: "Ukielezea muzuri, nikienda Musumba utashika nafasi yangu. Ukiharibu, unabakia kwa protokole." Protokole njo kazi yangu: kupokea batu ku mulango na kubaonyesha pa kukaa. (Na fulari, kile kitambaa cha protokole, shingoni. Najionaka ministre.)

Nilijifunza ile mistari juma nzima. Hata bibi yangu aliichoka.

Asubuhi nikasimama ku mulango kama kawaida. Jip ikapaki. Akashuka tata mugeni, mubaba wa koti ya kungaa, pete kubwa ya zahabu. Mi huyo, mbio! "Karibu, tata! Huku mbele, kwa fotei, kiti ya baheshimiwa." Nyuma yake akaingia tata mwingine, ametoka kazi ya usiku kwa mugodi wa Mashamba, buti, vumbi mpaka kwa nyusi. Nikamwambia, "Tata, weye simama kwanza pale, karibu na jenereta." (Nilitabasamu. Naapa nilitabasamu!)

Saa ya mahubiri ikafika. Nikapanda, nikaanza kwa nguvu: "Mustari wa pili! Mutu anaingia na pete ya zahabu na nguo za kungaa..."

Nikainua macho. Batu bote bakaangalia fotei. Kisha, pamoja, bakageuka kuangalia jenereta.

"Endelea, mutumishi!" Mama Odile wa kwaya huyo. "Mustari wa tatu!"

Mustari wa tatu njo ule tajiri anapewa kiti kizuri, maskini anaambiwa asimame kule. Maneno yangu ya ku mulango, yote! Nikajaribu kurukia wa tano.

"Aa-aa!" Kanisa nzima. "Hakuna kuruka!"

Nikausoma. Jasho mpaka ndani ya viatu. Tata wa pete akainuka polepole, akaenda kusimama kwa jenereta. Tata wa buti akaja kwa fotei, akakunja nne. "Sasa elezea, mutumishi. Niko nasikiliza muzuri."

Mungu wangu!

Nyuma ya ibada nikamufuata pasta. "Nimeanguka?"

Alikuwa anapanguza machozi ya kucheka. "Hapana! Huo mustari hakuna mutu amepata kuuelezea na mufano hai namna ile. Utahubiri. Lakini ile fulari, leta hapa."

Basi, sasa mi ni muhubiri, na ku mulango nimefukuzwa. Tafazali musinicheke. Na mukishindwa kabisa, chekeni polepole, mustari kwa mustari.