Uzinduzi wa Kiti cha Meno Kinachogundua Kisukari

Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye pia ni mimi, kwa kuwa aliyealikwa ametoa udhuru. Mke wangu mpenzi uliyeketi mbele. Daktari wetu wa meno. Kina mama, kina baba, nanyi mliosimama kwa kukosa viti: itifaki imezingatiwa! (Makofi.)

Leo tunazindua mpango mkakati jumuishi wa kubaini kisukari kupitia kinywa, ambapo mwananchi aliyekuja kung'olewa jino atatobolewa kidole papo hapo kwenye kiti, apimwe sukari, ajue hali yake kabla ganzi haijaisha, kwa sababu wataalamu wanasema fizi zinazotoka damu, meno yanayolegea na kinywa kikavu huenda vikawa dalili. Samahani, niongezeeni maji. (Anapewa chupa ya nne.) Na kwa mujibu wa takwimu nilizoziandaa mwenyewe, asilimia mia moja ya wenye meno wana kinywa! (Mke wake anapiga makofi peke yake.)

Mimi ni mfano hai. Juzi daktari huyu alinikagua magego mawili yanayocheza, akaniuliza naamka mara ngapi kwenda haja ndogo. Nikamwambia, "Daktari, na hilo nalo ni jino?" (Kicheko. Mke wake: "Mara tano! Mwambie ukweli, baba!") Mama watoto, tuko kwenye uzinduzi.

Kwa hiyo, ili kuwaondolea hofu, nitapimwa wa kwanza! (Vigelegele. Anakata utepe, anakaa kwenye kiti, ananyoosha kidole.) Daktari, toboa. (Daktari anatazama trei tupu.) Toboa tu, mimi si mtoto.

(Daktari: "Mheshimiwa, kipimo hakijanunuliwa. Barua ya kukiomba nimekuletea mara tatu. Kila mara umeandika 'Nimeiona', ukairudisha masjala.")

Jamani, kuona nako ni hatua ya utekelezaji! (Miguno. Daktari: "Nenda hospitali leo, Mheshimiwa. Leo hii, si kesho.")

Leo? (Anakunywa maji.) Basi, nihitimishe. Kinywa oyee! (Oyee!) Fizi imara! (Taifa imara!) Naishukuru kamati ya mradi, ambayo haijawahi kukaa, nawashukuru wafadhili, ambao bado hatujawaandikia, na wahudumu waliopewa mafunzo ya kutumia kipimo kwa kuchorewa ubaoni. Hapana, msipige makofi. Mama watoto, acha kulia, hata mimi naogopa. Shika mkoba, unisindikize nikapimwe.