Binti Ngurumo Anaendesha Kamioneti

Tangazo lilibandikwa kwenye geti la shirika moja mtaani Kinindo, na Adolphe alilisoma mara moja tu. Shirika linatafuta mtu wa kutengeneza filamu ya majaribio ya televisheni, ya kufundisha amani. Sawa, amani nani aikatae. Lakini mstari wa mwisho ulisema esansi ya kazi, yaani petroli, itatolewa na shirika, na hapo Adolphe akavua kofia.

Nikukumbushe, ndugu yangu, huo ulikuwa mwaka wa tisini na saba, nchi imewekewa vikwazo. Esansi iliuzwa kwa chupa za bia kando ya barabara, na mwenye lita tano aliamkiwa hata na watu wasiomjua. Milimani watu wanauana, mjini watu wanapanga foleni. Adolphe, Mkongomani wa Uvira aliyekimbia vita vya kwao akaangukia vya jirani, alikuwa amechoka kulala na viatu miguuni. Nahodha mmoja bandarini, jina lake Mohamadi, alishamtajia bei ya kufika Mpulungu, Zambia: pipa moja la esansi, mtu mmoja, maswali hakuna. Faranga hakutaka hata kuziona.

Kesho yake Adolphe akaingia ofisini kwa mkurugenzi, Bwana Herménégilde, na koti la kuazima na kamera begani. Kamera ilikuwa ya kweli, ila kanda haikuwemo.

"Bwana Direkta," akasema, "mi nakurudishia Binti Ngurumo."

Mkurugenzi akaweka kalamu chini. Mtu wa rika lake asimjue Binti Ngurumo? Enzi za shule katuni zake zilikuja na gazeti la mwezi, darasa zima likazisoma mpaka karatasi zikachanika: joho jekundu, ungo wa bibi yake ndiyo ngao, anaruka juu ya vilima akiwapiga radi wezi wa ng'ombe.

"Lakini awe wa kisasa," akasema mkurugenzi. "Wafadhili hawapendi ngumi."

"Ngumi tunatoa."

"Na radi. Siku hizi watu wakisikia mlio wanalala chini."

"Radi tunatoa."

Joho jekundu likakataliwa kwa sababu nyekundu ni rangi ya chama. Kijani nayo ni ya chama kingine, kaki ni ya jeshi, wakaishia kwenye rangi ya majivu. Ungo ukaonekana ushamba, akapewa faili. Wezi wa ng'ombe wakafutwa, maana kila mtazamaji angeuliza ni wezi wa upande gani. Adui mpya akawa Kutoelewana, ambaye haonekani kwa macho, na Binti Ngurumo angemshinda kwa kuitisha mkutano. Kuhusu kuruka, mkurugenzi alitikisa kichwa tu: chochote kinachoruka kinawakumbusha watu helikopta.

Maskini binti wa watu. Hata Adolphe, tapeli aliyekubuhu, aliona vibaya kidogo. Lakini mjanja hakai na majonzi muda mrefu.

"Basi aendeshe gari," akasema. "Mwanamuke wa kisasa anaendesha. Kamioneti ya shirika inatosha. Ila sasa, Direkta, gari haiendi na maji."

Pipa likasainiwa siku hiyohiyo, pamoja na barua yenye mihuri mitatu.

Wa kumwigiza Binti Ngurumo alikuwa Epiphanie, mpiga chapa wa ofisi hiyo, mama mwenye sauti ya chini. Vita vilipoanza aliwapeleka watoto wake wawili kwa dada yake kule Mpulungu, wakae miezi mitatu. Sasa ulikuwa mwaka wa nne, na kila mwezi aliambiwa asubiri hali itulie. Adolphe hakumuuliza habari hizo. Alimfundisha kuendesha, wiki mbili nzima wakizunguka mitaa ya Kinindo huku mwalimu ameshikilia breki ya mkono, na akampa mchezo wote aupige chapa.

"Kaka Adolphe," akamuuliza siku moja bila kuinua macho kwenye mashine, "hapa mwisho, bandarini, mi naleta pipa kwa Mohamadi wa boti ya Mpulungu. Halafu mutu wa kamera anakuwa wapi?"

"Ndani ya boti. Lazima achukue picha akiwa majini. We unabaki ukingoni, unapunga mukono."

"Na kipindi cha pili kinaanzia wapi?"

"Tutaona."

"Sawa, kaka," akasema Epiphanie, akaendelea kupiga chapa.

Siku ikafika. Boti ilikuwa ya saa kumi. Saa tisa mchana wao wako njiani, pipa nyuma chini ya turubai, Epiphanie kwenye usukani na joho lake la majivu, Adolphe pembeni na barua. Kwenye bariyeri ya jeshi sajenti mmoja, Léonce, akaisoma mihuri yote, akafunua turubai, kisha akachungulia ndani.

"Huyu ni nani?"

"Binti Ngurumo, shefu. Ni filamu ya televisheni."

Sajenti akamtazama Epiphanie juu hadi chini, akanuna. "Apana. Binti Ngurumo mi namujua toka mutoto. Ungo yake iko wapi?"

Hakuna aliyemwambia Adolphe ashuke. Barua ilikuwa safi, angekaa kimya wangepita. Lakini mwenye domo akiulizwa swali hawezi kukaa kwenye kiti. Akashuka na kamera yake, akaanza kueleza habari za faili na mikutano.

"Anapigana na Kutoelewana," sajenti akarudia polepole, askari wake wawili wakisikiliza kwa huzuni. "Na haruki?"

"Anaendesha, shefu. Mbio sana."

"Basi muchukue picha hapa, tuone. Kama ni uongo, pipa inabaki kwetu."

Adolphe akapata wazo, na alilipenda mno. Akamweleza Epiphanie dirishani, mara mbili ili asikosee: apite bariyeri kwa kasi, asimame mita mia mbele, amngoje. Epiphanie akaitikia kwa kichwa.

"Muinue bariyeri," Adolphe akawaamuru askari wa serikali, nao wakainua. Akaweka kamera begani. "Haya, enda."

Kamioneti ikaondoka vizuri. Gia ya kwanza, ya pili, bila kukwaruza, na mwalimu akaona fahari. Mita mia zikapita. Gia ya tatu. Mkono ukatoka dirishani, ukapunga kwa adabu, na gari likakata kona ya bandarini.

"Anarudi saa ngapi?" akauliza sajenti.

Aseme nini? Akisema ameibiwa, watauliza pipa lilikuwa linaenda wapi, na barua, na boti.

"Sasa hivi, shefu. Iko mu filamu."

"Basi usishushe kamera. Tunataka kumuona akirudi."

Adolphe akabaki ameielekeza kamera barabarani, mkono unamuuma, na barabara haikuwa na kitu. Saa kumi honi ya boti ikalia ziwani, ndefu. Pipa moja, mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa yeye; angelia kweli kama si zile bunduki tatu.

Sajenti naye aliisikia honi. Akatazama kona ile, uso ukamlainika.

"Unajua, mi nilimudharau. Hata ule wa zamani, akimaliza kazi alikuwa anaenda bila kuaga mutu. Kumbe ni yeye."

"Ni yeye, shefu," akasema Adolphe, na kwa mara ya kwanza tangu asome lile tangazo hakuwa anadanganya. Kisha akaomba kiti. Akaambiwa aendelee kupiga picha amesimama.