Ndoo Iliyopokewa kwa Mikono Miwili

Leo nimefedheheka mbele ya watu niliokwenda kuwaelimisha. Naandika haya vidole vyangu vikiwa bado vinanukia ukwaju, na harufu hiyo ndiyo ushahidi wa kwanza dhidi yangu.

Kazi yangu mnaijua. Tangu nimalize chuo nimejitwika jukumu la kuwasemea viumbe wasioweza kujisemea, hususan samaki wa mabwawani. (Najua mnavyonicheka humu kundini kwa jambo hilo. Leo nawaletea sababu mpya.)

Mama Kadzo ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaofuga samaki kando ya hori, mkono wa bahari uingiao nchi kavu, mbele kidogo ya Gede. Alinipigia simu juzi, sauti yake ikiwa ya chini kama mtu anayejificha. Kaskazi iliyopita, majira ya joto kali, waliamka alfajiri wakakuta bwawa zima limejaa matumbo meupe yanayoelea. Mwaka huu wenzake wameazimia kufidia msiba huo kwa kutia vifaranga mara mbili ya wale wa mwaka jana, na vifaranga wenyewe wanaletwa kesho asubuhi.

"Njoo useme nao, mwanangu," aliniambia. "Mimi wananiona mwoga. Bwawa likifa tena, kikundi nacho kimekufa."

Nilijiandaa kama wakili anayekwenda kutetea roho ya mtu. Baraka, ambaye ana bwawa lake na ambaye yumo humu anasoma, aliniazima samaki wanne wazima wa aina ya mwatiko kwa ahadi kwamba watarudi. Niliwatia katika ndoo nyeupe, kifuniko nikakitoboa matundu, na ndani nikatumbukiza kipampu kidogo cha betri cha kupuliza hewa majini. Nia yangu ilikuwa kuwagawa katika makarai mawili, moja kivulini na moja juani, ili akina mama waone kwa macho yao jinsi midomo na matamvua wanayopumulia yanavyokwenda mbio maji yakipata moto. Kisha ningeeleza habari za moyo wa samaki, nao wanne wangerudi kwao salama. Niliapa kwamba hakuna kiumbe kitakachodhurika kwa ajili ya somo langu.

(Kiapo hicho kishikeni. Kitahitajika.)

Nilifika jua likiwa utosini. Njia nzima nyuma ya pikipiki nilikuwa nimeikumbatia ndoo, nikichungulia matunduni kila tulipoingia shimoni. Nikabisha hodi. Mama Kadzo akatoka, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na kabla sijamaliza kuulizwa hali ya nyumbani alikwisha kuinyooshea ndoo mikono yote miwili.

"Ah, mwanangu. Umejisumbua."

"Si kitu, mama," nikajibu, nikidhani anauonea huruma mgongo wangu. "Naomba tu isikae juani."

"Jua lipi tena? Inaingia ndani moja kwa moja. Dama, pokea."

Dama, mwanamke mrefu aliyejifunga leso kiunoni, akaichukua ndoo na kutokomea nayo nyuma ya nyumba. Nilifarijika. Nilimwona kuwa ni mtu makini.

Nilitaka kuanza papo hapo, maana betri za kipampu zilikuwa za zamani. Mama Kadzo hakutaka kusikia. Mgeni hasimami kusema na tumbo tupu, alisema, kwani maneno yake yatakuwa na njaa. Nikaketishwa kwenye kiti cha pekee, akina mama wakiwa wamejaa mikekani mbele yangu. Aliyekaa karibu nami alikuwa Bi Mwanaisha, na sikuhitaji kuambiwa kwamba yeye ndiye anayeongoza upande wa wanaotaka vifaranga mara mbili.

"Huyu ndiye daktari wa samaki?" aliuliza hewani. "Mbona mwembamba hivi? Kwani samaki wenyewe hali?"

"Mimi ni mtetezi wao, Bi Mwanaisha," nikasema kwa uzito wote niliokuwa nao.

"Utawatetea na njaa hiyo?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikuweza. Akili yangu yote ilikuwa ndani ya ndoo. Nilifikiria maji yanavyopata joto, na hewa inavyoyatoka taratibu. Nilifikiria mioyo ile minne, kila mmoja mdogo kama punje ya hindi, ikiongeza kasi ili kuuridhisha mwili unaodai zaidi wakati kilichopo kinazidi kupungua. Jasho lilinitiririka. Kutoka nyuma ya nyumba ilikuja harufu ya tui la nazi na ukwaju, nami nikajilaumu kwa kutamani chakula ilhali viumbe walionitegemea wamo hatarini.

"Mama Kadzo," nikanong'ona, "ile ndoo iko salama?"

"Iko kwa Dama. Tulia."

Chakula kikaletwa. Ilikuwa sima na samaki wa kupaka, wamekaangwa kwanza kisha wakapakwa tui zito. Akina mama waligawana sinia kwa sinia, mnofu mdogo kwa kila mmoja. Mimi nikatengewa sahani yangu, na juu yake samaki mzima mkubwa, kichwa na mkia. Nilijitetea kwamba ni mwingi. Nikaambiwa mgeni habishani na sahani.

Nikala. Mwatiko ana miiba kama sindano za fundi cherehani, na mtu mwenye wasiwasi hapaswi kumla, lakini macho yote yalikuwa kwangu na kubakisha kungekuwa dharau. Nilichambua, nikatafuna, nikatazama mlangoni, nikachambua tena.

"Unamwonaje?" akauliza Bi Mwanaisha.

"Mtamu kupita kiasi," nikasema, na huo ulikuwa ukweli mtupu. "Ladha hii inaonyesha kwamba aliishi katika maji safi, akatunzwa na mtu mwenye moyo."

Bi Mwanaisha alinitazama kidogo. "Hayo wewe ndiye unayeyajua," akasema.

(Hapo ndipo mtu mwenye akili angesimama akafikiri. Mimi niliomba pilipili.)

Mikono ikanawishwa. Nikasimama, nikajikohoza, nikaanza hotuba niliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo.

"Mama zangu. Nimekuja na mashahidi wanne. Hawana ulimi wa kusema, lakini hivi tuzungumzavyo mioyo yao inapiga kwa ajili yetu, na leo watatufundisha kwa nini bwawa lenu lilikufa."

 Mtu mmoja alikohoa. Mama Kadzo alianza kuukunja ukingo wa leso yake.

"Naomba niletewe ndoo yangu."

Dama akaileta. Ilikuwa safi, inachuruzika maji, na ndani yake kipampu changu kimekaushwa na kufungwa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Nimekuoshea," akasema.

"Ahsante. Na samaki wako wapi?"

Dama aliitazama sahani yangu. Mama Kadzo akaitazama sahani yangu. Mkeka kwa mkeka, kikundi kizima kikageuza shingo kuitazama sahani yangu, ambamo mlikuwa na uti wa mgongo uliochambuliwa kwa ustadi, na kichwa kimoja kikinikodolea jicho jeupe.

"Wako ndiye huyo," Dama akasema kwa upole. "Nilikuchagulia mkubwa."

Wa kwanza kucheka alikuwa Bi Mwanaisha, akaegemea ukuta ili asianguke.

Mama Kadzo alikuwa karibu kulia. "Mwanangu, ulikuja na kitu mkononi, nikakipokea. Nikakwambia umejisumbua, ukanijibu si kitu. Sasa mimi ningejuaje?"

Na hapo ndipo nilipokosa pa kushika. Nimezaliwa kijijini Adu, huku huku Pwani, nikalelewa na bibi ambaye angenichapa kwa kwenda ugenini mikono mitupu. Najua tangu utotoni kwamba alichobeba mgeni hupokewa mlangoni, mwenyeji haulizi ni nini, na mgeni hatangazi. Maneno yote mawili ya kukabidhi zawadi tulikuwa tumeyatamka, mimi na yeye, kwa ufasaha kabisa. Chuo kilinifundisha kupima chumvi ya maji, hakikunifundisha kusema, "Mama, hao si kitoweo."

Nikajaribu kuokoa kilichobaki. "Basi angalau mioyo yao. Ningeweza kuwaonyesha ilivyo."

"Matumbo yote kala paka," Dama akasema.

Paka mwenyewe alikuwa amelala kizingitini, tumbo juu. Sijapata kumwona mnyama aliyeridhika na elimu kiasi kile.

Dama alinionea huruma. "Lakini hawakuteseka sana," akaongeza. "Kile kidude kilikuwa kinanguruma ndani, nikakitoa nisije nikakiharibu. Ndoo nikaiweka kando ya jiko nikikuna nazi. Kugeuka hivi, wote wanne wamepanda juu, midomo wazi, wanahema. Nikasema hawa watakufa kibudu, nikakimbilia kisu."

Bi Mwanaisha aliacha kucheka.

"Wamepanda juu vipi?"

"Juu, mdomo nje ya maji. Kama wale wetu, alfajiri ile."

Akina mama wakatazamana. Nikaona mlango umefunguka, nami nikaingia kabla haujafungwa, bila hotuba wala kioo.

"Ndoo hiyo kando ya jiko ndiyo bwawa lenu wakati wa kaskazi," nikasema. "Maji ya moto hayashiki hewa vizuri, na mwili wa samaki ukipata joto unadai hewa zaidi. Sasa sikilizeni habari ya moyo wake. Damu ikitoka kwenye matamvua na hewa mpya, haipiti kwanza kwa moyo. Inazunguka mwilini, kila kiungo kinachukua chake, na mabaki ndiyo yanayoufikia moyo. Moyo unaolisha mwili mzima ndio unaokula mwisho. Hewa ikiwa haba, wenyewe hujaribu kupunguza mwendo ili uhimili. Lakini joto halikubali, linauhimiza uende mbio. Unaambiwa punguza, unaambiwa ongeza. Siku moja unasimama. Mkitia vifaranga mara mbili, mnaongeza midomo ya kuchukua kabla yake."

Hapo Mama Kadzo akageuka polepole kuelekea mlango wa jikoni, ambako Dama alikuwa amesimama na sufuria mkononi, akikwangua ukoko wa sima kwa mwiko.

"Dama. Umekula?"

"Hivi nakula."

"Samaki ulipata?"

Dama akacheka. "Samaki wanne na umati huu? Nimepata harufu."

"Na kama tungekuwa mara mbili?" akauliza Bi Mwanaisha, na safari hii hakuwa akinidhihaki mimi wala mtu yeyote.

"Mngenizika na sufuria yangu."

Walicheka, lakini kicheko kilikatika mapema. Bi Mwanaisha alisogeza sinia lake lililokuwa na mnofu kidogo ukingoni, akamwashiria Dama akae. Kisha akasema, kana kwamba anaongea na mkeka: "Kesho tutapokea nusu ya wale wa mwaka jana. Wengine wapelekwe kwa jirani. Na maji ya bamvua, yale makuu ya bahari, yakijaa, lango la maji lifunguliwe, bwawa lipate maji mapya." Akanigeukia. "Ila usiende ukatangaza kwamba umetushinda kwa hoja. Tumeshindwa na mchuzi."

Mama Kadzo alinishika mkono kwa nguvu, nadhani kwa faraja, ingawa huenda alikuwa bado anajizuia kucheka.

Nilipoaga, Dama alinikimbilia na ndoo, kwa kuwa chombo cha mgeni hakirudishwi kitupu. Alikuwa ameijaza mihogo hadi kifuniko kimekataa kufunga. "Siku nyingine ukija kutufundisha," alisema, "beba ndoo mbili. Moja ya somo."

Nimefika nyumbani. Sitawazuia kucheka, maana haki hiyo mmeipata kihalali. Nina ombi moja tu, nalo ni kwa Baraka, aliyeniazima mwatiko wanne kwa ahadi kwamba watarudi: nikimaliza kuandika nakuja kwako na ile ndoo. Ni nzito. Ipokee kwa mikono miwili, ndugu yangu, wala usiulize.