Televisheni Yangu Huwaka Nyakoe Peke Yake

Mwalimu Haron Momanyi,
Marani.
Ijumaa asubuhi.

Kwa Bi. Kaltuma,
Mwenyekiti, Kamati ya Wafanyabiashara,
Soko la Nyakoe.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: MWENENDO WA FUNDI SHUEIB KWA TELEVISHENI YANGU

Mimi ni mzima, mke wangu ni mzima, mama yangu ni mzima kuliko sisi sote. Hata printa ninayochapia barua hii ni nzima, na tangu Jumapili haijanisumbua hata mara moja. Kisicho kizima katika nyumba hii ni televisheni, na anayejua sababu yake ni fundi wako Shueib. Najua ni mtoto wa dada yako. Sitalitumia jambo hilo dhidi yako, na sitalitaja tena.

Nitangulize kilicho mbele yetu, usije ukadhani nagombania anasa. Kesho Jumamosi, saa nane mchana, binti yangu Maureen atacheza fainali ya voliboli ya shule za upili, na mchezo utaonyeshwa moja kwa moja. Mama yangu ana miaka themanini na mmoja. Kwa miaka minne alitutambua kwa sauti na kwa namna tunavyokohoa. Miezi miwili iliyopita alipasuliwa macho yote mawili, na sasa akiwa mlangoni anaweza kukuambia kuku wa jirani amekuja na vifaranga wangapi. Hajawahi kumwona Maureen akicheza. Ameshachagua kitambaa atakachofunga kichwani kesho, na amekiweka juu ya televisheni isiyowaka. Kila nikipita sebuleni kitambaa hicho kinaniangalia.

Televisheni ilizimika hivi. Jumapili alasiri radi ilianza, kama kawaida yake huku kwetu. Mama alifanya anachofanya kila siku mbingu zikiguna: alichomoa plagi ukutani, akaiacha sakafuni, akaifunika televisheni kwa leso ili radi isijione kwenye kioo. Jumatatu tuliichomeka tena. Haikuwaka. Hata kile kitaa chekundu cha chini hakikutokea. Nimesoma vitabu vingi kuhusu kuanguka kwa tawala, na nakuhakikishia kwamba zote zilianza na kitaa kidogo kuzimika na watu wakapuuza. Mimi sikupuuza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi Shueib alikataa kuutambua ugonjwa. Jumanne niliibeba televisheni kwa boda boda, imefungwa blanketi, mke wangu Bonareri ameikumbatia nyuma yangu kama mtoto mwenye homa. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kurasa mbili kuhusu dalili zake. Nilipofika aya ya tatu, Shueib alikuwa amekwisha kuitoa blanketi, ameichomeka kwa waya wake, na televisheni inaimba. "Mwalimu," akaniambia, "mgonjwa wako anaongea. Wewe unaendelea kusoma?" Tuliirudisha Marani. Tukaichomeka. Kimya.

2. Jumatano niliirudisha. Safari hii aliifungua mgongo, akapitisha mita yake kila mahali, akakuta mende wawili wakavu. Badala ya kunieleza faraghani, kama daktari yeyote mwenye kiapo, aliwaweka juu ya karatasi, akauliza mbele ya wateja: "Mwalimu, hawa wapangaji wako walikuwa wanalipa kodi?" Watu walicheka. Bonareri alicheka kuliko watu.

3. Baada ya hapo alitangaza kwamba mashine haina kasoro, ila ataiacha iwake mchana kutwa "chini ya uangalizi". Uangalizi wenyewe niliuona. Kulikuwa na mpira. Watu kumi na mmoja walikuwa wakiiangalia televisheni yangu, wengine wakila ndizi mbivu. Nilisogea karibu nichunguze kama rangi zimerudi vizuri, na mtu nisiyemjua akaniambia, "Mzee, hebu sogea kidogo, unatuzibia." Bi. Mwenyekiti, nimewahi kufukuzwa kwenye mikutano miwili ya wazazi na mmoja wa chama cha ushirika, lakini sijawahi kufukuzwa mbele ya mali yangu.

4. Fundi huyu anautamani waya wangu. Televisheni yangu ina waya wake wa umeme, ule mweusi unaochomekwa nyuma yake na kuchomolewa. Mara zote mbili niliuacha nyumbani kwa makusudi. Ni waya wa asili, ulitoka kiwandani pamoja na televisheni, na mimi si mtu wa kupeleka kitu kizuri mahali ambapo kinaweza kubadilishwa na kibaya. Sasa sikiliza. Jumanne aliniuliza, "Waya wako uko wapi, Mwalimu?" Jumatano akauliza tena. Jana akapiga simu, kabla hata ya salamu kukamilika: "Mwalimu, nakuomba, niletee ule waya." Mtu asiyeutamani angeuliza mara moja.

5. Hakutaka malipo. Alisema hawezi kumtoza mtu kwa kitu ambacho hakukitengeneza. Nimeishi miaka hamsini na mbili na sijaona hatia iliyo wazi kama hiyo.

6. Aliomba kuja nyumbani kwangu "kuangalia huko kuna nini". Nilikataa. Mshukiwa hawezi kupewa kazi ya kukagua mahali pa tukio. Ukaguzi niliufanya mwenyewe, na nakuwekea matokeo yake hapa ili kamati isipoteze muda. Nyumba yangu ina soketi nne. Nilipeleka birika la umeme katika kila soketi, na kila mara maji yalichemka. Tulikunywa chai nyingi sana siku hiyo. Kwa hiyo umeme wangu ni mzima. Televisheni ni nzima, kwa ushahidi wa mashabiki kumi na mmoja. Waya ni mzima, kwa sababu ni wangu na haujatoka nyumbani. Ukiondoa vitu vyote vizima, anayebaki ni Shueib.

Bonareri amejaribu kuingia katika hoja hii. Alisema, "Baba Maureen, si ungepeleka tu huo waya, hata kwa siku moja?" Nilimjibu kwamba hivyo ndivyo nchi zilivyopoteza bandari zao. Akaenda kuchuma majani chai bila kuniaga.

7. Na hili ndilo lililonikalisha kuandika. Jana katika simu hiyohiyo Shueib alisema, "Basi mlete bibi huku kesho kutwa. Nitamwekea kiti cha mbele kabisa, na soda." Kiti! Mama yangu ambaye ana sebule, ana kochi, ana kitambaa kilichokwisha kuchaguliwa, aende kumtazama mjukuu wake katikati ya walaji ndizi, mtu amwambie asogee kidogo? Niliposimulia pendekezo hilo nyumbani nikitarajia hasira, Mama aliuliza ni soda gani. Umri humfanya mtu asamehe upesi. Ndiyo maana haki yake lazima idaiwe na wengine.

Maelezo yanayobaki ni ya aina moja tu. Televisheni yangu imezoeshwa. Kwa sifa, mpira na makofi ya watu, fundi Shueib ameivuta moyo hadi sasa haitaki kuwaka isipokuwa ndani ya kibanda chake. Usicheke. Nimewaona wanafunzi waliofaulu wakirudi kijijini na kukataa kabisa kuangaza. Kama haiwezekani kwa chuma, basi watu tumejifunza wapi?

Kwa hiyo naiomba kamati yako, kwa heshima zote: kwanza, kibanda cha fundi Shueib kifungwe kuanzia leo hadi atakapokiri kwa maandishi. Pili, kwa kuwa televisheni huwaka ndani ya kibanda hicho tu, kibanda chenyewe king'olewe leo jioni, kipakiwe kwenye pikapu, na kisimamishwe katika ua wangu, upande wa mgombani, kabla ya saa nane mchana kesho. Nimepima. Kitaenea. Mchezo ukiisha mtakichukua, na kamati itaamua kama fundi anastahili kukifungua tena. Najua huo ndio mkate wake. Alipaswa kulifikiria hilo kabla ya kuwaonyesha watu mende wangu. Na katika uamuzi huo naomba usimfikirie dada yako.

Nisalimie kamati yote, mweka hazina, yule mama wa viatu ambaye hucheka kwa adabu, na wauza ndizi wote bila kubagua. Hata Shueib msalimie, ila kwa kiasi.

Wako katika kudai haki bila kuchoka,

H. Momanyi

Tanbihi, Jumamosi jioni.

Utaona kwamba sehemu hii nimeiandika kwa mkono. Printa yangu haiwaki.

Jana jioni niliisomea familia barua hii kwa sauti. Nilipomaliza, Mama aliniuliza: "Momanyi, kile kidude ulichokitoa kwenye mkia wa televisheni Jumapili, ukakitia kwenye mashine yako ya barua, ulikirudisha?"

Mkia ni waya. Kidude ni fyuzi, kile kijiti kidogo kinachokaa ndani ya plagi. Jumapili jioni fyuzi ya printa iliungua nikiwa katikati ya barua kwa gazeti, na plagi ya televisheni ilikuwa imelala sakafuni bila kazi. Niliazima. Nilimuuliza Mama kwa nini hakusema tangu Jumatatu, maana aliniona kwa macho yake mapya. Akasema, "Wewe ni mwalimu. Nilidhani unaitengeneza." Bonareri alianza kucheka pale pale, kisha akaenda jikoni kucheka vizuri.

Jua lilikuwa limetua, na mwenye duka la vifaa vya umeme Marani ni Msabato, hafungui hadi leo jua litue. Fyuzi moja, mashine mbili. Niliitoa kwenye printa kwa mkono wangu mwenyewe.

Ningeichana barua hii, lakini jana mchana niliisoma pia hotelini mbele ya watu, na Bonareri anasema mtu uliyemchafua hadharani huwezi kumsafishia jikoni. Isome mbele ya kamati, yote, pamoja na sehemu hii.

Mchezo tuliuona. Seti ya tatu radi ilianza. Mama alisimama na leso mkononi, akaenda hadi ukutani, akaishika plagi. Akageuka, akamwona Maureen amesimama kule nyuma, mpira mkononi, anajiandaa kuanzisha. Akaiachia plagi, akarudi kwenye kochi. "Radi ingoje," akasema. Walishindwa seti tatu kwa mbili. Mama anawaambia majirani kwamba Maureen alishinda.

Kibanda kiacheni palepale kilipo. Mwambie Shueib nitakuja Jumatatu, waya wangu mkononi, na aniwekee fyuzi moja ya akiba. Nina barua ya kumwomba msamaha, kurasa tatu, na mwandiko wangu, kama unavyouona, haumtendei haki.