Nilivyowasawazisha Panya wa Daktari

Ndugu zangu wa darasa la elimu ya watu wazima, Kibondo,

Leo, Alhamisi tarehe 7 Oktoba 1976, nimeadhirika. Nawaambia mwenyewe kabla hamjaambiwa na abiria wa basi litokalo huku.

Mnajua kwamba tangu tarehe 2 Februari ninatunza panya weupe katika kituo kidogo cha utafiti hapa Kasulu. Daktari wetu, mtu wa Moshi, anawachunguza ili ajue kwa nini kisukari huandama baadhi ya koo za watu. Kizimba cha kwanza kina ukoo wa panya wembamba. Cha pili kina ukoo unaonenepa kwa kuzaliwa, ingawa wote nawapimia chakula kilekile.

Leo wageni wa mkoani walikuja kuamua iwapo kazi hii iendelee, nami nithibitishwe kazini au nirudi kwenye jembe. Asubuhi nilivitazama vile vizimba. Huku mifupa, huku matumbo! Wangesema mjane huyu ana upendeleo. (Mimi! Niliyegawa nyama ya matanga ya marehemu bila mtu kunung'unika!) Basi nikawachanganya: wembamba wawili na wanene wawili, kila kizimba. Nikajipongeza.

Saa nne wakaingia. Daktari akafunua kizimba cha kwanza bila kutazama.

"Ndugu wageni, katika ukoo huu hajawahi kunenepa hata mmoja."

Panya mmoja akajiviringisha mbele yao kama andazi.

"Na huyu mwenye mimba?" akauliza mgeni mkuu.

"Huyo ni dume," nikajibu. (Nani aliniuliza?)

Daktari akanigeukia. "Mama Leonia, umefanya nini?"

"Nimesawazisha, Daktari. Siasa yetu si ya usawa?"

Yoo! Mgeni mmoja alicheka hadi akaketi juu ya gunia la pumba. Daktari hakucheka. "Nitajuaje sasa nani ni mtoto wa nani?"

Nikaleta daftari langu. Mgeni mkuu akalisoma kwa sauti, mbele ya wote: "Saa moja na dakika kumi asubuhi. Dume mwenye alama mbili sikio la kushoto amehamishiwa kizimba cha kwanza, ili majirani wasijisikie vibaya."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini kila panya alikuwa ameandikwa, na alama yake, na alikotoka. Kabla ya saa tano wote walikuwa wamerudi kwao.

Kazi itaendelea, nami nimethibitishwa. Ila mgeni mkuu amenakili ukurasa ule akawasomee wenzake mkoani. Basi angalau nyinyi, tuliojifunza pamoja kushika kalamu, nawasihi msicheke.

Mama Leonia