Mume Wangu Azeeke Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 11 Agosti

…na ndiyo maana sijutii hata kidogo. Wenzangu wameolewa na wenye karasha kule Mwakitolyo. Mimi nimeolewa na aliyekuwa nalo. Mashine ile ya kusaga mawe ya dhahabu ilisaga mawe, ikasaga mtaji, mwisho ikamsaga Maulidi wangu mwenyewe, mpaka mahakama ikamtangaza mufilisi. Msimamizi wa mali zake akachukua karasha, pikipiki, na friji likiwa na maji ya baridi ndani. Tabasamu hakulichukua! Nimelikuta zima. Hina ya harusi bado inang'aa miguuni mwangu.

Jioni, habari mbaya. Mzee Ngassa wa Mwakitolyo, aliyemkopesha Maulidi fedha za karasha, kasema sokoni mbele za watu kwamba Ijumaa wadai wanakutana na msimamizi, na safari hii ni zamu ya pensheni. Pensheni! Maulidi amechangia mfuko wa hiari tangu ujana, hata siku alizolala na njaa. Ndiyo nyumba yetu ya uzeeni kule Didia. Yenye baraza. Tunakula matobolwa, vile viazi vikavu, yeye hana meno, mimi namtafunia.

Maulidi kasema tutulie, tuulize ofisini kwanza. Mpole kama nini! Nimembusu paji la uso nikaanza kupanga.

Jumanne, 12 Agosti

Nimepata! Tuzitoe fedha kabla Ngassa hajazifikia. Shoga yangu Nelly wa saluni anasema hawatoi mpaka mtu afike miaka hamsini na tano. Maulidi ana thelathini na nane. Kwa hiyo tatizo ni miaka kumi na saba tu.

Na hana cheti cha kuzaliwa! Alizaliwa nyumbani, Didia, mvua ikinyesha. Mtu wa namna hiyo akitaka kurekebisha umri, ndugu yake mkubwa anakwenda kwa wakili na kula kiapo kwamba alikuwepo siku ile. Mama mkwe ni marehemu. Ndugu mkubwa amebaki mmoja, wifi Chausiku. Ole wangu. Ndiye aliyesema siku ya harusi, kwa sauti, huku mdomo umejaa pilau yangu, kwamba katoto ka kidato cha nne kamefuata pensheni.

Sikufuata pensheni. Nilifuata shingo yake. Nzuri sana kwa nyuma.

Jumatano, 13 Agosti

Siku ya majaribio. Nimempaka Maulidi unga wa sembe kwenye ndevu nione mvi zitamkaaje. Nikamwambia ni mchezo wa maharusi. Akakubali! Nikamkalisha mlangoni, kainama, kashika ufagio kama bakora. Mzee mtamu ajabu. Nilitamani tuzeeke leo leo.

Akapita jirani, Mama Vumilia, mwenye wajukuu. Akamwamkia shikamoo kwa heshima zote. Maulidi akaitikia marahaba kabla hajafikiri. Mama Vumilia akasogea, akamtazama vizuri, akasonya mpaka kuku wakakimbia. Akauliza tangu lini dereva wa bajaji ya watu anapokea shikamoo ya mama yake. Tumeomba radhi. Amesema atafikiria.

Lakini unga ulifanya kazi!

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekwenda kwa wifi na kilo ya sukari na khanga mpya. Nikamkuta barazani na Bwana Abdulshakur, mnunuzi wa pamba, wanakunywa chai ya tangawizi. Posa iko njiani, kila mtu anajua. Nikaona vema, shahidi mwingine.

Nikaeleza yote. Kiapo kifupi tu, wifi, kwamba Maulidi ana hamsini na tano. Chausiku akauliza taratibu, na yeye dada mtu atakuwa na ngapi. Nikapiga hesabu haraka, maana shuleni sikuwa mbaya. Hamsini na nane, wifi, lakini hujachakaa!

Bwana Abdulshakur akaweka kikombe chini. Kumbe alikuwa ameambiwa thelathini na nne. Akaanza kuhesabu kwa vidole, na mtu wa mizani ya pamba haibiwi hesabu.

Chausiku akasimama. Kasema niende nikamwapishe mbuzi. Kasema mdogo wake alifilisika mali tu, mimi nimekuja kumfilisi na ukoo. Nimetoka mbio. Sukari na khanga vimebaki kwake.

Nikamwambia Maulidi kila kitu huku nalia. Akacheka. Kisha hakucheka tena. Akasema ile pensheni ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho cha kunipa, na asubuhi tunakwenda ofisini wote wawili, mimi nikiwa nimefunga mdomo. Ananishika mkono hata akiwa amekasirika!

Ijumaa, 15 Agosti

Bi Euphrasia wa dirishani, pale ofisi ya mfuko, ametueleza kama anafundisha watoto. Kufilisika hakujafuta chochote. Michango ya Maulidi ikiwa ndani ya mfuko, wadai hawaigusi, itamngoja uzeeni. Ila akiitoa, ikamfika mkononi, basi ni mali kama friji, na msimamizi anaibeba. Kisha akaongeza jambo kuhusu watu wanaokopa makusudi na kuficha humo, lakini wakati huo nilikuwa namtazama Maulidi anavyotikisa kichwa kwa makini. Mungu wangu, ile shingo.

Kwenye kikao msimamizi akamwambia Mzee Ngassa maneno yale yale. Ngassa akauliza kimebaki nini basi. Akajibiwa, kabaki Maulidi. Ngassa akampima juu mpaka chini, akasema huyo hata kwa mkopo hachukui. Wakacheka wote, akampa mkono, akauliza ndoa inakwendaje. Nikajibu mimi.

Yaani Chausiku angeapa, fedha zingetoka, na leo zingekuwa za Ngassa! Ubishoo wa wifi umetuokolea baraza letu la Didia. Sitamwambia kamwe. Maulidi kamwambia. Tena Bwana Abdulshakur kamrudia, anasema anapenda mwanamke aliyekomaa. Chausiku kamfukuza kwa neno hilo "aliyekomaa", kisha kamwita tena anywe chai.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimekuwa mtu mwingine. Hila basi! Nimemwapia Maulidi nikiwa nimemwekea mkono kifuani. Ametoka kwenda na bajaji akiimba.

Baada ya hapo nimekaa peke yangu na akili imekuja yenyewe. Kilicho ndani ya mfuko hakiguswi. Hakiguswi! Sasa kwa nini tumeweka kidogo? Mtu akope nyingi, azichangie zote, afilisike tena kidogo tu, kisha atulie azeeke kwa raha. Maulidi hakopesheki, lakini mimi jina langu ni safi kabisa.

Nimeshatuma ujumbe: "Shikamoo Mzee Ngassa. Ni Zuhura, mke wa Maulidi. Tumeona ni vibaya kuachana na mzazi kama wewe bila kukutembelea. Kabla mwezi haujaisha nitafika Mwakitolyo kukusalimia. Tuna mazungumzo madogo."