Distributa Ndani ya Makomamanga

Jumatatu, 8 Aprili 2019

Siku kumi na saba kabla ya gwaride la kuwakumbuka askari. Leo kikao cha klabu ya magari ya kale.

Nieleze kwa utaratibu. Miaka thelathini na mmoja ya kufundisha jiografia haimtoki mtu. Mji mzima una watu wawili wenye maderaya ya vita: mimi, na Neville Trask, mwenyekiti wa klabu. Deraya ni kigari cha chuma kisicho na paa, kinachotembea kwa minyororo badala ya magurudumu. Vita vilipokwisha wakulima waliyanunua wakang'olea visiki, kisha wakayaacha yaoze. Langu nililikuta likiwa banda la kuku. Kuku mmoja bado anarudi.

Maderaya yetu yote mawili yamekamilika isipokuwa distributa. Hiki ni kifaa kinachogawa cheche za moto kwa kila silinda kwa zamu yake, kama mwalimu anayegawa madaftari. Bila hicho, injini ni jiwe. Na ya aina yetu haitengenezwi tena.

Kikao kimeamua hivi. Mzee Clarrie Dunnage, miaka tisini na minane, aliyeendesha deraya jangwani, ataongoza gwaride akiwa ndani ya mojawapo. Litakalonguruma mbele ya kamati Jumamosi tarehe 20 ndilo litakalombeba. Mzee alipoulizwa anaonaje, akasema hajali ni la nani, mradi asisukumwe kwenye kile kiti cha magurudumu kama mkokoteni wa mboga.

Hapo Neville akasimama na kutangaza, kwa sauti ya mtu anayesoma wosia, kwamba distributa amepata. Mjane mmoja ng'ambo ya mpaka wa jimbo, Bi Dulcie Hargreave, amemwekea. Ataifuata Jumamosi hii. Jumatano ana miadi na daktari wa meno. Akanigeukia. Pole, Mwalimu, akasema, utatushangilia ukiwa kando ya barabara.

Nikapiga makofi pamoja na wengine.

Jumatano, basi.

Jumatano, 10 Aprili

Nimefanya jambo.

Nilimwambia mke wangu Glenys nakwenda kuangalia pampu ya bustani. Saa mbili na nusu za barabara iliyonyooka, na njia nzima kila gari lililokuja mbele yangu lilikuwa na sura ya Neville.

Bi Dulcie ana nyumba ya mabati katikati ya mashamba ya ngano, na mbwa watatu. Akauliza kama mimi ndiye Bwana Trask. Sikusema ndiyo. Naomba hilo likumbukwe. Nilisema natokea kwake. Kijiografia ni kweli: Neville anakaa mtaa wa nyuma yetu, kwa hiyo safari zangu zote zinaanzia karibu naye.

Akaitoa distributa kwenye bati la biskuti, imefungwa ndani ya soksi ya marehemu mumewe. Akaandika kikaratasi, akakifunga kwa uzi. Sikukisoma, mbwa mmoja alikuwa ananinusa goti kwa umakini nisioupenda. Kisha akanipakilia sanduku la makomamanga, zawadi ya mke wangu. Nilikataa mara mbili. Akasema mwanamume anayekataa matunda ana jambo analoficha. Nikachukua.

Matunda hayaingii wilaya yetu. Mtoto wa darasa la kwanza anajua: nzi wa matunda, mayai, funza, na mashamba yetu yote ya machungwa yamekwisha. Kabla ya kizuizi cha ukaguzi mpakani kuna pipa la kutupia. Mpango ulikuwa rahisi: nitasimama, nitatupa, nitapita.

Nikasimama kituo cha mafuta ninywe chai. Narudi, lori la Neville liko ubavuni mwa pikapu yangu. Daktari wake wa meno yuko ng'ambo hiyohiyo! Distributa ilikuwa kiti cha mbele, wazi, na yeye anakuja dirishani. Nikaisukuma chini kabisa ya makomamanga.

Shavu lake moja lilikuwa limekufa ganzi. Kwa nusu ya mdomo iliyobaki akauliza nafanya nini huku. Nikasema makomamanga. Akatazama sanduku. Akauliza kama nimesafiri kilomita mia mbili kufuata matunda nisiyoweza kufika nayo nyumbani. Nikasema ni ya kula njiani. Yalikuwa kama arobaini. Mwalimu, akasema, Mungu akuhifadhie hilo tumbo.

Kisha akasema sindano imemlegeza, anaogopa kusinzia, tuongozane. Mimi mbele, yeye nyuma. Kioo kikajaa Neville. Nikienda mbio, naye mbio. Nikipunguza, naye. Kwenye pipa nilisimama. Naye akasimama, akashuka, akajinyoosha, akaja kunisaidia kushika sanduku upande mmoja. Nikamwambia la, ni halali zaidi kukabidhi kwa maofisa. Akanitazama kama mtu anayetazama wingu na kujiuliza kama ataanua nguo.

Kwenye kizuizi alikuwepo Narelle Stobie. Nilimfundisha kidato cha pili. Akauliza kama nina matunda. Nikasema ninayo. Akasikitika sana. Mwalimu Pascoe, akasema, si wewe uliyetuchorea funza ubaoni, ukasisitiza kwamba hawana miguu? Halafu akasema sanduku ni la mbao nzuri, haifai lipotee, atamimina matunda anirudishie. Akalishika. Akaanza kuliinamisha. Neville alikuwa ametoa kichwa chote dirishani.

Nikasema chukua yote, pamoja na sanduku. Akauliza, yote? Nikasema yote. Akanishukuru kwa uraia mwema na kunipa kijitabu cha sheria. Neville akanipigia honi. Nikampungia mkono.

Kwa hiyo sina distributa. Neville naye hana, ila hajui. Ana siku tatu za furaha mbele yake.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimepiga simu kizuizini mara mbili. Mara ya kwanza kwa sauti ya mtafiti. Narelle akasema, shikamoo Mwalimu. Nikakata. Mara ya pili kwa sauti yangu. Akaeleza kwamba matunda hukaa pipani hadi Ijumaa asubuhi, hupasuliwa moja moja kutafuta funza, kisha huzikwa shimoni, mita mbili chini. Akauliza kwa nini nataka kujua. Nikasema ni udadisi wa kitaaluma. Akasema mwalimu hastaafu.

Ningeweza kumwambia. Lakini shangazi yake Narelle ana duka la mikate, na kufikia saa sita mji mzima ungekuwa unanila pamoja na maandazi.

Mchana Glenys alikisoma kile kijitabu kwa sauti mezani, kitu kuhusu kuingia jimbo la Magharibi, na asali, na faini. Sikusikiliza. Nilikuwa nasikiliza simu, kama italia. Ililia. Neville. Anataka nimsindikize Jumamosi kwa Bi Dulcie. Safari njema ni ya watu wawili. Glenys akamkubalia kwa niaba yangu. Anasema itanifaa nijifunze kupatana na watu.

Namwona Bi Dulcie langoni na mbwa wake. Namsikia anavyomwambia Neville, kwa upole kabisa: lakini si huyu hapa aliyeichukua?

Ijumaa, 12 Aprili, asubuhi

Nimekwenda makao ya wazee kumwona Mzee Clarrie, nitulie moyo. Kosa kubwa.

Nilimkuta anafanya mazoezi ya kupandisha mguu juu ya mgongo wa kiti. Alinieleza, kana kwamba mimi si mwenye deraya, kwamba ukuta wake ni mrefu na hataki kunyanyuliwa kama gunia mbele za watu. Viatu vya gwaride vimeshang'arishwa, viko juu ya kabati. Daktari wa moyo amemwambia asitegemee kuufikia Aprili mwingine. Hakulalamika. Alisema hataki hotuba wala maua. Anataka kuisikia injini ile akiwa ndani yake, mara moja tu. Walikuwa watatu garini. Alirudi peke yake.

Kisha akauliza: kati yenu wawili, kijana, mmoja hatanikosesha, sivyo? Nina miaka sabini na mmoja na bado ananiita kijana. Nikasema hatakukosesha, Mzee.

Nimekaa kwenye pikapu muda mrefu bila kuwasha. Nilidhani nimemwibia Neville. Nimemwibia Clarrie.

Niungame? Nimelifikiria dakika nzima. Kisha nimepata njia bora zaidi: matubwitubwi. Vitambaa viwili, kimoja kila shavu. Mgonjwa wa matubwitubwi hasafiri na mtu.

Ijumaa hiyohiyo, jioni

Nilikuwa kitandani na mashavu yangu. Glenys akanigusa paji la uso, akasema sina homa, niamke, Neville yuko mlangoni. Sikuamka. Neville akaingia mpaka chumbani.

Mkononi alikuwa na distributa. Inanukia komamanga. Kumbe aliyekuwa akipasua matunda aliikuta, na kile kikaratasi cha Bi Dulcie kiliandikwa waziwazi: mali ya Bwana N. Trask, imechukuliwa kwa niaba yake na rafiki yake. Na namba ya simu ya Neville chini.

Akasimama miguuni pa kitanda. Ana mikono mikubwa. Zamani alikuwa anakata manyoya ya kondoo. Nilifikiria dirisha. Nikakumbuka goti langu bovu. Akaja, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Alisema maishani mwake hajatendewa jambo kama hili. Kwamba nimekwenda kimyakimya kumpunguzia safari, na jino linamuuma, na njia nzima nimemficha ili nimshtukize kwa furaha. Ila kitu kimoja hakielewi. Kwa nini ndani ya matunda?

Nikasema mitikisiko. Komamanga hunyonya mitikisiko.

Akatikisa kichwa. Kusoma ni kuzuri, akasema. Halafu akauliza mashavu yamefanya nini. Nikasema jino. Akasema usijali, Mwalimu, namjua daktari mzuri, nitakupangia Jumanne.

Jumamosi, 20 Aprili

Deraya la Neville limenguruma mara ya kwanza lilipoguswa. Kamati imepiga makofi. Neville amesimulia habari ya makomamanga tena. Hii ni mara ya sita, na sasa nimesafiri kwenye dhoruba. Langu liko uani na kuku wake. Jino langu halikuwa na tatizo lolote, lakini daktari amepata la jirani lenye tatizo.

Alhamisi, 25 Aprili

Neville alishikilia nipande nyuma, kama rafiki. Niliogopa minyororo, niliogopa moshi, niliogopa buibui wenye sumu wa mgongo mwekundu ambao hupenda pembe za chuma kama hizi. Zaidi niliogopa macho ya Mzee Clarrie, maana hayakunitoka.

Alipanda mwenyewe. Mara ya kwanza mguu haukufika. Mara ya pili haukufika. Watu walitaka kumsaidia. Akawaambia watafute kazi. Mara ya tatu akawa ndani. Injini ikashika. Akaweka kiganja juu ya chuma, akafumba macho, na barabara nzima ikanyamaza. Hakupunga mkono. Alitaja majina mawili tu, taratibu, na baada ya kila jina akasubiri kidogo, kama nilivyokuwa nikisubiri nilipoita mahudhurio. Moshi uliniingia machoni.

Tulipofika mwisho alinivuta sikio. Akasema jangwani nao walimficha sajenti vitu vingi. Lakini kamwe si kwenye matunda, kijana. Matunda kila mtu anayaulizia. Akanikonyeza.

Anajua. Aibu ilinijia kweli. Ilikaa mpaka chakula cha mchana.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimetafakari usiku kucha, na nakiri kwamba nimepata somo. Kosa lilikuwa moja tu, na Mzee Clarrie ameliona: chombo.

Kuna fundi huko jimbo la Magharibi mwenye distributa nyingine. Haiuzi, anataka kubadilishana na spidomita ya asili. Neville anazo mbili, na kwa shukrani amenipa ufunguo wa stoo yake. Ya pili haitumii. Leo asubuhi nimeipumzisha kwenye begi langu. Tatizo dogo: amesikia nasafiri, na amesisitiza tuongozane mpaka huko, yeye nyuma, mimi mbele.

Lakini sasa nimejiandaa. Kijitabu cha Narelle nimekikunja nikakiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba, na spidomita nimeizamisha kwenye ndoo ya lita kumi, haionekani kabisa. Asali. Mpakani wataulizia matunda, nami nitawatazama machoni bila hofu. Asali si tunda.